Kwa Nini Seva Moja Iliizima Nyingine?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninahudumia kompyuta katika ofisi moja hapa Mtwara inayotunza kumbukumbu za korosho zinazopokelewa maghalani. Tuna seva mbili zilizounganishwa kuwa klasta, yaani mashine zinazofanya kazi kama moja, kwa programu ya Pacemaker. Juzi niliiamuru klasta ifute diski ya zamani yenye stakabadhi za misimu iliyopita, na muda mfupi baadaye seva nzima ikazimika na kuwaka upya. Mwenzangu anasema programu ni mbovu. Je, ni kweli? Aidha, tuna huduma ya kutuma ujumbe wa simu ambayo hatuitumii tena. Tuiondoeje kwa usalama? – Msomaji wa Shangani, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa usumbufu huo. Kwa maelezo yako, programu haikukosea. Ilikuwa inazilinda data zenu. Unapoiamuru klasta ifute rasilimali, yaani diski au huduma yoyote inayoisimamia, kwanza huisimamisha, na kwa diski, kuisimamisha ni kuipachua (unmount) kutoka katika saraka ilimopachikwa. Upachuaji ukishindikana, klasta haina njia ya kujua kwa hakika kama data bado zinaandikwa, na mifumo ya faili kama ext4 na XFS haikuundwa ipachikwe kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja. Ikitokea hivyo, faili huharibika vibaya. Kwa sababu hiyo, pale STONITH ilipowashwa, yaani kinga ya klasta ya kuizima mashine yenye hitilafu, seva inayotiliwa shaka huzimwa kwa nguvu, na pale isipowashwa, rasilimali huachwa imezuiwa hadi fundi afike. Ninawasihi msiizime STONITH kwa hasira ya tukio hili.

La kutafuta ni kilichoishikilia diski. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika ofisi moja mjini Lindi, nilikumbana na diski iliyokataa kupachuka ilhali amri ya fuser haikuonyesha programu yoyote inayoitumia. Tulihangaika hadi usiku, ndipo tukagundua kwamba saraka ndogo ndani yake ilikuwa imegawiwa kompyuta za wahasibu kwa njia ya NFS (utaratibu wa kugawana faili kupitia mtandao), na ugawaji huo hufanywa na kiini cha Linux chenyewe, hivyo hakuna programu ya kawaida inayoonekana kwenye orodha. Kagueni kwa amri ya exportfs kama kuna saraka iliyogawiwa, kisha kwa findmnt kama kuna kitu kingine kilichopachikwa ndani ya diski hiyo.

Kuhusu huduma ya ujumbe, hatari yake iko mahali pengine. Rasilimali zilizowekwa katika kundi moja huwashwa kwa mpangilio na kusimamishwa kinyumenyume, kwa hiyo ikiwa huduma hiyo imetangulia hifadhidata katika kundi, kuisimamisha kutaishusha hifadhidata pia, na mizani yote itakwama. Kwa pcs, chombo cha amri cha kuisimamia klasta, anzeni na pcs config backup ili mpate nakala ya mipangilio, kisha angalieni kundi na masharti kwa pcs resource config na pcs constraint. Baada ya hapo tumieni pcs resource disable pamoja na jina la rasilimali na neno --safe, ambalo lipo katika matoleo ya pcs ya miaka ya karibuni: klasta itakataa kuisimamisha iwapo rasilimali nyingine yoyote itaathirika. Ikikataa, itoeni kwanza katika kundi au ondoeni sharti linaloifungamanisha, kisha mrudie.

Msikimbilie kufuta. Tazameni pcs status mpaka mwone wenyewe kwamba imesimama kwenye seva zote mbili, na iacheni hivyo siku moja au mbili, kwa kuwa kuirudisha wakati huo ni amri moja tu ya enable. Ndipo mtoe amri ya pcs resource delete.

Wapo mafundi wanaoiweka klasta katika hali ya matengenezo kabla ya kufuta, wakiamini kuwa ndiyo salama zaidi. Katika hali hiyo klasta haisimamishi chochote, na huduma iliyofutwa huendelea kufanya kazi bila msimamizi.

Mwisho, kwenye kila seva hakikisheni kwa systemctl is-enabled kwamba huduma haitajiwasha yenyewe mashine ikiwaka upya. Kazi hii ifanyeni kabla ya Oktoba, maghala yakiwa bado hayajaanza kupokea mzigo.