Tezi dume: kabla ya sindano, mjue nani atapiga simu

SWALI: Daktari, shikamoo. Sisi ni Waafrika tunaoishi Marekani. Mwaka jana tulileta wauguzi kanisani wakawapima wanaume damu kwa ajili ya saratani ya tezi dume. Waliojitokeza walikuwa wachache, na wale ambao majibu yao yalikuwa juu hatujui waliishia wapi. Safari hii tufanyeje?
*Katibu wa umoja wa wanaume*

JIBU: Marahaba, katibu. Anzeni na hilo la mwisho, maana ndilo linaloharibu yote. Kutoa damu ni dakika tano. Kabla ya kutangaza tarehe, pateni kliniki ya magonjwa ya njia ya mkojo iliyokubali kwa maandishi kuwapokea watakaokutwa na PSA ya juu (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu), pamoja na kituo cha afya cha jamii kinachotoza kulingana na kipato, kwa wasio na bima. Mkikosa kimojawapo, ahirisheni. Mtu akiambiwa namba yake ni mbaya halafu hana pa kwenda, mwakani atawazuia wenzake.

Fomu iwe na namba mbili za simu, yake na ya mtu wa nyumbani aliyemruhusu, na jina la mtu mmoja wa kwenu atakayefuatilia hadi mgonjwa aonane na daktari. Mkisema "kamati itafuatilia", hakuna atakayepiga.

Chini ya fomu ulizeni yanayopotosha kipimo. Finasteride na dutasteride, dawa za tezi iliyovimba (ya kwanza hutumika pia kwa upara), zikitumika miezi sita hivi hushusha PSA karibu nusu, 2.5 ya mtumiaji ichukuliwe kama 5. Kinyume chake, maambukizi ya mkojo katika wiki sita zilizopita huipandisha, na vivyo hivyo kumwaga shahawa au kuendesha baiskeli kwa nguvu ndani ya saa 48. Tangazo la kujizuia tendo la ndoa litoke wiki moja kabla, si mlangoni asubuhi ile. Mzee wa kanisa akiona haya kulitamka, liandikeni kwenye karatasi. Kufunga kula hakuhitajiki.

Kuhusu idadi ya watu, vipeperushi peke yake havitoshi. Mtumieni kinyozi anayeaminika, na mwanaume aliyewahi kutibiwa akubali kuulizwa hata habari za nguvu za kiume. Semeni ukweli wote: Marekani mwanaume mweusi 1 kati ya 6 hupata saratani hii, na hatari yake ya kufa nayo ni takriban mara mbili ya mweupe. Lakini pia PSA ya juu si saratani. Wengi wanaokutwa nayo hawana. Hatua ya kwanza ni kurudia kipimo baada ya wiki chache, ndipo zifuate picha ya MRI na, ikibidi, kuchukua vinyama vya tezi. Saratani isiyo kali mara nyingi hufuatiliwa tu bila upasuaji wala mionzi, tiba ambazo zinaweza kuacha mkojo ukivuja au uume usisimame. Atakayesikia yote hayo akaamua kutopima, mwacheni aende kwa amani.

SWALI: Mume wangu amegoma kwa sababu ya "kidole". Nimwambieje?
*Mama wa watoto watatu*

JIBU: Mwambie kipimo cha kuanzia ni damu ya mkononi. Kidole, yaani daktari kuipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, peke yake hukosa saratani nyingi, na si sharti la kupima PSA. Daktari anaweza kukipendekeza baadaye, na bado mumeo ana haki ya kukataa.

SWALI: Nina miaka 42, mweusi, sina dalili yoyote. Si mapema mno?
*Msomaji*

JIBU: Saratani ya mwanzo kwa kawaida haina dalili, kuamka usiku kukojoa mara nyingi ni tezi kukua kwa umri. Mwongozo wa 2023 wa chama cha madaktari wa mkojo wa Marekani unashauri wenye asili ya Kiafrika wapewe nafasi ya kuanza kupima kati ya miaka 40 na 45, kama ilivyo kwa mwenye historia nzito ya saratani hii katika ukoo. Ukipima, usikubali kuambiwa tu "iko sawa". Omba namba yenyewe, iandike pamoja na tarehe na jina la maabara, kisha upeleke karatasi hiyo kwenye kipimo kijacho.