Re: Homeopathia India ilitambuliwa mwaka gani hasa?

Salaam ndugu. Umekwama kuhusu mwaka ambao India iliitambua homeopathia, yaani tiba ya dawa zilizozimuliwa mno, kwa sababu kitabu kimoja kinasema 1973 na kingine 2020. Nami nilikwama hapohapo nilipokuwa naandika tasnifu yangu Kolkata.

Kwanza angalia kila kitabu kinataja sheria ipi. Ya 1973 ndiyo iliyounda baraza kuu la kusimamia mafunzo na usajili wa waganga wa homeopathia. Ya 2020 iliifuta, ikaleta tume mpya. Kwa hiyo swali lako la kutambuliwa kitaifa, andika 1973.

Ila usianzie hapo, tafadhali. Rudi kwa Mahendralal Sircar, daktari wa Kolkata aliyeipinga homeopathia, kisha mwaka 1867 akasimama mbele ya wenzake kuitetea, nao wakamtenga. Bila yeye huwezi kueleza kwa nini eneo la Bengali, ilipo Kolkata, ndilo lililoishika sana homeopathia. Mtaani kwetu mzee mmoja alikuwa akimimina vidonge vyeupe vya sukari kwenye vichupa vya ukubwa wa kidole, foleni ikifika barabarani.

Jambo moja nakusihi: usiandike kwamba sheria imethibitisha dawa hizo zinaponya. Sheria inasimamia mafunzo na usajili tu. Utafiti wa kitabibu haujathibitisha.