Maswali ya wasomaji: Weupe wa Ol Doinyo Lengai

SWALI: Kwa nini kilele cha Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, huonekana kama kimepakwa chokaa? Na mlima huo unahusianaje na Bonde la Ufa?

JIBU: Weupe huo ni lava iliyopoa. Lava ya kawaida ina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, na joto la nyuzi 1,100 za Selsiasi hivi. Ya Lengai ina kaboneti za sodiamu na kalisi, ndugu wa magadi ya jikoni, na joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu. Hutoka nyeusi, nyepesi kama oili ya injini. Kisha hunyonya unyevu wa hewa, na baada ya saa au siku chache huwa nyeupe. Ukiishika, inavunjika vidoleni.

Kuhusu ufa, tazama mwaka 2007. Mwezi Julai magma, yaani mwamba ulioyeyuka ulio bado ardhini, ilijipenyeza chini ya mlima jirani, Gelai, ikasimama wima kama ukuta mwembamba. Haikufika juu, lakini ardhi ilipasuka na tetemeko likasikika hadi Nairobi. Septemba, Lengai ikalipuka majivu. Kwa kawaida ufa hutanuka milimita chache tu kwa mwaka. Pale, magma iliisukuma miamba zaidi ya mita moja kwa wiki chache.