Karnak, usiku, kwenye saa ya maji

Kwa swali la ustaarabu gani wa kale ningeutembelea kuona sayansi yake: Misri, hekalu la Karnak, enzi ya farao Amenhotep wa Tatu, karne ya 14 K.K. Kuna saa ya maji ya alabasta iliyopatikana pale mwaka 1904, umbo la ndoo, mdomo mpana na kitako chembamba. Jua likizama inajazwa. Maji yanatoka kwenye tundu dogo karibu na kitako, na saa inasomwa kwenye alama za ndani.

Utaalamu wote uko kwenye kuta zilizoinama. Maji yakiwa mengi husukuma kwa nguvu na kutoka haraka; yakipungua, mkondo hulegea. Kwa kuwa juu ni papana, kina hushuka karibu sawasawa usiku kucha. Karibu tu, maana kuta zilizoinama bila kupinda hazitoshi kusahihisha kabisa, na maji ya baridi hutoka polepole zaidi.

Safu za alama ni 12, moja kwa kila mwezi, kwa sababu usiku uligawanywa saa 12 uwe mrefu au mfupi. Ukisoma safu isiyo ya mwezi huo, umepotea mpaka alfajiri.