Padri Anajibu: Vibarua wa Saa Kumi na Moja

Tumesoma Mathayo 20:1-16. Mwenye shamba la mizabibu anaajiri vibarua alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, hata saa kumi na moja jioni. Wote anawalipa dinari moja moja, tena akianza na wa mwisho ili wa kwanza waone. Maswali yenu yamekuwa makali.

*Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Naimba kwaya tangu utoto. Kaka yangu alikunywa waragi maisha yake yote, akatubu wiki ya mwisho akiwa kitandani. Kweli tutapewa sawasawa? (Mama, Tororo)*

Milele na milele amina, mama. Wa alfajiri nao walilalamika: "Umewasawazisha na sisi tuliostahimili taabu na hari za mchana kutwa." Bwana hakuidharau kazi yao. Aliwauliza tu kama walipunjwa, na hawakupunjwa. Dinari ilikuwa ujira wa kutwa, chakula cha nyumba nzima. Angelipa kwa saa, wa mwisho angewapelekea watoto nini?

Twende Namugongo, kwa mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani. Matia Mulumba alibatizwa mwaka 1882. Kizito, mtoto wa miaka kama 14, alibatizwa na Karoli Lwanga Mei 1886, siku chache kabla ya kuchomwa moto tarehe 3 Juni. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu siku moja, 18 Oktoba 1964. Sijamsikia hujaji yeyote akitaka Kizito apunguziwe. Na kaka yako, mama: ile miaka ya waragi wewe uliiona kwa macho yako. Ilikuwa raha kweli?

*Bwana yule anasema ni halali yake kutumia vilivyo vyake apendavyo. Basi nami niwalipe vibarua nipendavyo? (Msimamizi wa shamba la miwa, Jinja)*

Hapana. Yeye aliongeza, hakukata. Waliopatana naye walipata chote, jioni ileile, kama Kumbukumbu la Torati 24:15 inavyoagiza: jua lisichwe kabla ya ujira kulipwa. Anayewaambia watu wa lejaleja, yaani vibarua wa kutwa, "njooni wiki ijayo" asijifiche humu.

*Kwa hiyo nisubiri uzeeni ndipo niokoke? (Kijana, Mbale)*

Wa saa kumi na moja waliulizwa mbona wanasimama bure, wakajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Si kwamba waliitwa wakakataa. Wewe umeshaitwa, ndiyo maana umeniandikia.