Safari ya katamarani Desemba: anzeni na maji, hela baadae

Maswali ya toleo hili karibu yote ni ya likizo ya mwisho wa mwaka na bahari, nimeanza na hili la Lindi mana wengi mko kwenye hali hiyohiyo.

SWALI: Shikamoo dada. Mie niko Lindi mjini, tuko watu tisa, mie na mume wangu, watoto wanne, mama mkwe na mawifi wawili wanatoka Dar. Baada ya Krismasi tunataka twende Mtwara tukodi katamarani, ile boti ya bodi mbili, tulishaipanda Zanzibar tukaipenda mana haiyumbi. Nimepata kaka mmoja kwenye simu anasema anayo ila anataka tutume hela yote sasa hivi eti Desemba watu wengi, tutatoka Mikindani saa mbili asubuhi twende Msimbati jioni tumerudi. Nimtumie? – Mama Wanne, Lindi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimtumie hela yote, na hata advansi subiri kwanza. Sisemi kaka ni tapeli, simjui, ila nimesoma meseji yako mara mbili nikaona amekutajia saa ya kutoka na hakuna mahali amekuuliza tarehe. Hapo ndipo roho yangu ilipokataa. Bahari yetu saa haipangwi kabla ya tarehe kujulikana.

Nyie watu wa Lindi bamvua mnaijua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji yanatoka sana na kujaa sana, tofauti inafika mita 3 na zaidi. Siku hizo maji yanakauka kama saa nne asubuhi na yanajaa kama saa kumi jioni, halafu kila siku inayofuata yanachelewa karibu dakika 50, ukifika maji mafu, siku ambazo maji yanatoka kidogo na kujaa kidogo, mambo yamegeuka, asubuhi ya saa nne ndio yamejaa. Sasa mkitoka saa mbili siku ya bamvua chombo kinakimbizana na maji yanayotoka, mkichelewa nusu saa tu na watoto wanne (na mtachelewa) mnaikuta boti imekaa kwenye tope.

Naongea hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka juzi nililipa hela yote kwa simu, nikafika Mikindani na wanangu saa tatu asubuhi, boti ipo kweli, ila imelala ubavu kwenye mchanga na kaa wanatembea chini yake, nahodha anasema mama subirini maji. Tulikaa chini ya mwembe mpaka saa tisa, chapati na pweza wa safari vikaliwa palepale, wa mwisho akapata homa ya jua. Hela sikurudishiwa mana aliyenilipisha alisema boti ilikuwepo. Na kweli ilikuwepo. Iliniuma sana na ndio mana nakwambia taratibu.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagueni siku mbili tatu ambazo maji yanajaa asubuhi, ndio umpigie na umuulize siku ipi anaona nzuri. Nahodha wa kweli atakujibu kwa maji na upepo, ambaye si nahodha atakujibu siku yoyote tu mama. Pili umuulize katamarani iko wapi leo hii. Huku kwetu boti za kukodi nyingi ni za faiba zenye injini ya nje, majahazi na ngalawa, katamarani za watalii nyingi ziko Zanzibar. Kama inatoka huko, Desemba kaskazi imeshaanza kuvuma, kushuka kuja Mtwara upepo uko nyuma inakuja vizuri, kurudi ni kubisha, yaani kupambana na upepo wa mbele, njia nzima au kuchoma dizeli, na hiyo hela mtawekewa nyie kwenye bei hata kama hawasemi. Akikwambia iko Mtwara, Lindi na Mtwara ni kilomita 100 na kitu, panda Coaster asubuhi ukaione kwa macho yako, jioni uko nyumbani. Nauli hiyo ni ndogo kuliko advansi yoyote.

Ukifika usiangalie rangi. Omba jaketi za kuokolea uzihesabu, na za watoto ziwepo za watoto, mvalishe mmoja umnyanyue kwa mabega ya jaketi, likimpita masikioni hilo si lake. Uliza cheti cha chombo na idadi ya abiria, vyombo vidogo vinakaguliwa na TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli. Uliza bei ni ya boti nzima au kichwa, mafuta yamo, chakula kimo, na kiingilio cha hifadhi kimo au mnalipa wenyewe, mana Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu mwaka 2000, na hapo ndipo ugomvi unaanziaga. Kuhusu hela mpe theluthi, iliyobaki mkishapanda, na muandikiane hata kwa meseji kwamba bahari ikichafuka mnahamisha siku au anarudisha. Desemba mvua za kusini ndio zinaanza, hilo lazima mliongee.

Na mama mkwe akae katikati ya boti, si mbele kwenye ule wavu unaofungwa kati ya bodi mbili, pale wimbi linakuja hata kutoka chini na watoto wanapapenda kuruka.

SWALI: Dada huyo nyangumi wa Mtwara tunaweza kumuona kwenye hiyo safari ya Krismasi? – Msomaji, Newala

JIBU: Hapana, mtakuwa mmechelewa. Nyangumi wanatoka bahari za baridi huko kusini kabisa ya dunia wanakuja kwetu kuzaa, kuanzia kama Julai mpaka Oktoba. Njoo Septemba, ila kipindi hicho kusi linavuma, toka alfajiri kabla upepo haujashika. Na mwambie nahodha mapema kwamba hamtaki kumkimbiza, mama akiwa na mtoto anasumbuka sana.

SWALI: Mie naona katamarani ni ngalawa tu ya wazungu. Nimekosea? – Kijana wa Masasi

JIBU: Hujakosea sana. Jina lenyewe halitoki Ulaya, ni Kitamil cha kusini mwa India, maana yake mbao zilizofungwa pamoja. Ila ngalawa ina bodi moja na mirengu miwili ya kuishikilia isipinduke, katamarani ina bodi mbili kamili na jukwaa juu yake, ndio mana watu wanakaa mpaka wanalala. Hata zile boti za Kilimanjaro za Dar na Zanzibar ni katamarani. Na kutoyumba si dawa ya kichefuchefu, ubavuni imetulia kweli ila inachezacheza haraka haraka, waulize waliotapika njia ya Zanzibar.

SWALI: Pasaka je? – bila jina

JIBU: Mie Aprili na Mei sipeleki watoto baharini kwa tanga. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilipita karibu kabisa na Mtwara kikaingia Msumbiji, Hidaya Mei 2024 ikapiga Mafia. Fuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, nahodha akisita mshukuru.

SWALI: Tukiwa na hiyo boti Mtwara tunaweza kufika Kilwa Kisiwani na kurudi siku hiyohiyo? – Baba Asha, Mtwara

JIBU: Hapana kaka, ni mbali mno. Pandeni basi mpaka Kilwa Masoko mlale, asubuhi mkate kibali ndio mvuke, ni karibu tu. Kisiwani mna Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, ipo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981 pamoja na Songo Mnara. Songo Mnara ndio mwende na boti ya injini na muulize maji tena, yakitoka mnashushwa mbali mnatembea ndani ya maji na tope la mikoko, kwa hiyo vaeni viatu vya kufunga, kandambili zinabaki humo.