Kilatini kwa watoto wa nyumbani: chagua kitabu kwa kuanzia na Kiswahili

Mzazi wa Lubumbashi anayesomesha watoto nyumbani, au ambaye watoto wake wanaenda shule asubuhi tu na mchana wako naye, akifikiria Kilatini huanza kwa kuuliza kitabu kipi ni kizuri zaidi. Swali hilo linakuja mapema mno. Vitabu vingi vya Kilatini vya watoto wadogo vinavyopatikana leo viliandikwa kwa ajili ya watoto wa Marekani na Uingereza. Maelezo yake ni ya Kiingereza, na mazoezi mengi yanamtaka mtoto atafute neno la Kiingereza lililotokana na lile la Kilatini. Kwa mtoto wa Kamalondo au wa Bel-Air, anayesema Kiswahili nyumbani na kusoma Kifaransa shuleni, sehemu kubwa ya kazi hiyo ni bure. Kwanza amua somo litaelezwa kwa lugha gani. Ushauri wetu ni Kiswahili, hata kama kitabu chenyewe ni cha Kifaransa au cha Kiingereza, na sababu utaziona katika sarufi.

Chukua kitenzi amo. Katika kaye (daftari) andika amo, amas, amat, amamus, amatis, amant, na pembeni yake ninapenda, unapenda, anapenda, tunapenda, munapenda, banapenda, kama tunavyosema hapa kwetu (kwa Kiswahili sanifu, mnapenda, wanapenda). Mtoto anaona mara moja kwamba neno moja linatosha kwa sababu mtu yumo ndani ya kitenzi: sisi tunamweka mbele, Waroma walimweka nyuma. Mtoto anayeelezwa kwa Kifaransa anabaki akitafuta je (mimi) na tu (wewe) katika sentensi ambamo hazimo. Ni vilevile kwa le, la, un na une, vineno ambavyo Kifaransa kinaviweka mbele ya jina. Kilatini hakina vitu hivyo, Kiswahili hakina. Puella cantat ni msichana anaimba, maneno mawili kwa mawili.

Kisha kuna upatanisho. Kitabu cha Kiingereza kinatumia kurasa nyingi kueleza kwa nini ni puer bonus lakini puella bona na donum bonum, kwa sababu mtoto wa Kiingereza hajawahi kuona sifa ikibadilika kufuata jina. Mtoto wako anafanya hivyo tangu alipoanza kuongea: mtoto mzuri, kitabu kizuri. Mwambie tu kwamba Kilatini kina ngeli tatu na kwamba alama inakaa mwishoni. Hata lile fundo linalosumbua kila darasa la mwanzo, yaani agricola, mkulima, ambalo lina sura ya kike lakini linadai agricola bonus, lina mwenzake kwetu. Kiongozi ana ki- ya kitabu, lakini tunasema kiongozi mzuri, hatusemi kiongozi kizuri, kwa sababu ni mtu. Ukimwonyesha mtoto hilo, hatakuuliza tena juu ya nauta na poeta.

Kiswahili hakimsaidii mtoto kila mahali, na pale kisipomsaidia ndipo vitabu vinapopimwa. Katika Kilatini kazi ya jina katika sentensi inaonyeshwa na mwisho wake, si na nafasi yake. Mpe mtoto sentensi hii: Agricolam puella vocat. Karibu watoto wote watajibu kwamba mkulima anamwita msichana, kwa kuwa mkulima ametangulia. Usimsahihishe kwa kumpa jibu. Mfundishe aanzie kwenye kitenzi: vocat ina -t, basi anayeita ni mmoja. Atafute jina lisilo na -m mwishoni: puella, huyo ndiye anayeita. Halafu jina lenye -m: agricolam, huyo ndiye anayeitwa. Sasa aseme kwa Kiswahili: msichana anamwita mkulima. Mwonyeshe -m- iliyo ndani ya anamwita na -m iliyo mwisho wa agricolam. Zimekutana kwa bahati tu, na hazikutani katika wingi, lakini kwa wiki za kwanza zinamshika mtoto vizuri. Apige mstari wa biki nyekundu chini ya kila -m kabla ya kutafsiri. Kitabu kinachoandika sentensi zake zote kwa mpangilio uleule, mtenda akiwa wa kwanza daima, kinamficha mtoto jambo hili, na siku atakapokutana na sentensi ya kweli atakwama. Kwa hiyo unapotazama kurasa za mfano, nenda somo la kumi au la kumi na tano uangalie kama mpangilio wa maneno umeanza kubadilika.

Matamshi yaamuliwe kabla ya somo la kwanza, maana kuyabadilisha baadaye kunachosha. Kuna njia mbili. Ya Kanisa: c mbele ya e, i na ae ni ch, ae inasomeka e, gn ni ny, v ni v. Ya kale: c ni k daima, v ni w, ae ni ai. Caelum inakuwa chelum kwa njia ya kwanza na kailum kwa ya pili. Kwa mtoto anayesikia Agnus Dei na Pater noster katika kwaya, njia ya Kanisa ni rahisi zaidi, na ch na ny anazo tayari kinywani. Kama unamwandaa kwa koleji fulani, nenda ukaulize kwanza wanasoma namna gani. Cha muhimu ni kwamba kitabu, sauti zake na wewe mwenyewe mfuate njia moja.

Irabu tano za Kiswahili zinatosha kwa mwanzo. Hatari inatoka kwenye Kifaransa: u inakuwa ile ya rue, na miisho inamezwa. Jihadhari hasa na et na est. Katika lugha zote mbili zinaandikwa sawa na maana ni ileile, lakini katika Kilatini kila herufi inasikika. Mtoto ambaye ndio kwanza anajifunza kusoma Kifaransa atachanganya kusoma kwake kote. Msubirishe mpaka asome lugha moja bila kuhangaika, au Kilatini chake kiwe cha mdomo tu: nyimbo, sala na majina ya vitu vya nyumbani. Mkazo nao una mtego wake. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na hilo linafaa kwa puella na regina, lakini insula, domina na agricola zinakazwa silabi ya tatu kutoka mwisho. Bila sauti ya kusikiliza, mtoto atasema domína mwaka mzima. Kwa hiyo kitabu kisicho na rekodi kiache, isipokuwa wewe mwenyewe ulisoma Kilatini vizuri.

Kuna jambo ambalo wazazi wachache wanalijua kabla ya kununua: utaratibu wa hali sita za jina, yaani miisho inayoonyesha kazi yake katika sentensi. Vitabu vya Kifaransa na vya Ubelgiji vinakariri nominatifu, vokatifu, akuzatifu (ile yenye -m, ya anayetendwa), genitifu, datifu, ablatifu: rosa, rosa, rosam, rosae, rosae, rosa. Vitabu vya Marekani vinaweka genitifu na datifu mbele ya akuzatifu: rosa, rosae, rosae, rosam, rosa (hapa vokatifu tumeiacha). Hakuna kilicho na kosa. Lakini jedwali hizi zinakaririwa kama wimbo, na mtoto aliyekariri wa Marekani kwa miaka mitatu, kisha akaingia humanités (sekondari) za Latin-Philo, mkondo wa Kilatini na falsafa, ambako mwalimu anafuata vitabu vya Kifaransa, atajikuta anakosea mambo anayoyajua. Kama Latin-Philo ndiko unakomwelekeza, chora jedwali zote upya katika kaye kwa utaratibu wa Kifaransa tangu mwanzo, hata kama kitabu ni cha Marekani. Ni kazi ya jioni moja.

Sasa vitabu vyenyewe. Prima Latina ni cha Marekani, kwa watoto wa miaka saba au minane, na kina masomo 25, kila somo na maneno matano. Kinafuata matamshi ya Kanisa na kinaleta sala za Kilatini kidogo kidogo. Mwendo wake ni mzuri kwa mzazi asiyejua Kilatini. Sehemu ya maneno ya Kiingereza iruke, na mahali pake weka ya Kifaransa: terra na terre, porta na porte, schola na école. Song School Latin ni kwa wadogo zaidi, wa miaka mitano hadi saba, na kinategemea nyimbo. Sarufi ni kidogo sana, kwa hiyo usitegemee kwamba mtoto akimaliza atasoma sentensi.

Minimus, kilichotolewa Cambridge mwaka 1999, kinapendwa na watoto kwa picha zake na panya wake anayeishi na familia ya Kiroma kule Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza. Kitumie kama kitabu cha kusoma pembeni. Sarufi yake inarukaruka na mazoezi ni machache mno kuwa kitabu pekee cha mwaka. Getting Started with Latin cha William Linney kina masomo mafupi 134, kila moja likileta neno moja au jambo moja, majibu yako nyuma, na rekodi zinapatikana bure kwa matamshi yote mawili. Kwa mzazi anayesoma Kiingereza kidogo, hiki ndicho tungekichagua cha kwanza: sentensi za mazoezi zinatafsirika kwa Kiswahili moja kwa moja, na mzazi anaweza kumtangulia mtoto kwa masomo matatu bila shida. Hakina picha. Mtoto wa miaka saba atakichoka, wa tisa hatajali.

Kwa wenye miaka kumi na zaidi, Lingua Latina cha Hans Ørberg kina faida ambayo hakuna kingine kilicho nayo hapa kwetu: kimeandikwa Kilatini kitupu kuanzia ukurasa wa kwanza, bila Kiingereza wala Kifaransa, na maana inajitokeza katika picha na katika sentensi zenyewe. Sura ya kwanza inahusu ramani. Kabla ya kuifungua, tandika ramani yenu mezani na uanze na sentensi za kwetu: Kongo in Africa est. Lubumbashi in Kongo est. Lualaba fluvius magnus est. Sehemu ya kwanza ina sura 35 na zaidi ya maneno 1,500, nayo ni kazi ya miaka miwili au mitatu kwa mtoto. Wazazi wengi wanakwama karibu na sura ya tano, pale miisho inapokuwa mingi, kwa sababu wamesoma hadithi tu na kuacha mazoezi. Fanya mazoezi yote, kwa maandishi.

Kuna pia kile cha zamani cha Lhomond, Epitome historiae sacrae, alichowaandikia wanafunzi wa Ufaransa katika karne ya 18. Hakina tena haki ya mtunzi, unakipakua bure, na kuna matoleo yenye msamiati wa Kilatini na Kifaransa mwishoni. Ni hadithi za Biblia katika aya fupi, kuanzia uumbaji. Mtoto anayezijua hadithi hizo tayari anakisia maana vizuri, kwa hiyo kifuate baada ya mwaka mmoja wa sarufi.

Kuhusu ununuzi, vitabu vya Kiingereza mara nyingi vinafika kwa mkono wa msafiri kutoka Lusaka kupitia Kasumbalesa. Kabla ya kumpa mtu pesa, hesabu kila kitu: kitabu cha mtoto, kitabu cha mzazi chenye majibu, na sauti. Programu nyingi zinauza vitatu hivyo mbalimbali, na kitabu cha mtoto bila majibu ni mzigo kwa mzazi anayejifunza pamoja naye. Masomo ya video ya intaneti tungeyaacha, kwa sababu ya mega (data ya intaneti) na umeme. Sauti zipakue usiku, ziweke katika simu na katika flash disk. Mtoto asiandike ndani ya kitabu. Aandike katika kaye, ili mdogo wake akitumie.

Kwa kazi ya kila siku, dakika 15 hadi 20 mara nne kwa wiki zinamfaa mtoto chini ya miaka kumi. Saa nzima ya Jumamosi haizai kitu, maana kufikia Jumamosi ijayo miisho imesahaulika. Siku ya kwanza ni maneno mapya na sauti, ya pili ni jedwali kwa mdomo, ya tatu sentensi nne au tano kutoka Kilatini, ya nne sentensi mbili kutoka Kiswahili kwenda Kilatini na marudio. Maneno yaandikwe kwenye vipande vya bristol, karatasi ya A4 ikikatwa nane: upande mmoja Kilatini, mwingine Kiswahili na picha ambayo mtoto mwenyewe amechora. Gawa boksi la viatu sehemu tatu. Kipande kipya kinarudiwa kila siku. Kikijibiwa sawasawa mara tatu kinahamia sehemu ya mara mbili kwa wiki, halafu ya mara moja kwa mwezi. Kikikosewa kinarudi mwanzo. Maneno matano kwa wiki kwa wiki 30 ni 150, na kwa mwaka wa kwanza hayo yanatosha kabisa.

Vitabu vingi vinaachwa karibu na somo la nane hadi la kumi na mbili, akuzatifu inapoingia, na mzazi anaanza kutafuta kitabu kingine. Kitabu kipya kitampeleka mtoto somo la kwanza tena, kisha kitamfikisha palepale. Simamisha masomo mapya wiki mbili, rudi kwenye sentensi za maneno matatu, badilisha mpangilio wake kila siku, na biki nyekundu iendelee kupita chini ya kila -m mpaka aache kuihitaji.